Onyesho la Pili

Dar es Salaam wana Mlimani City. Jumba hilo lilifunguliwa 2006, na ndani yake mtu hununua unga, hutoa pesa benki, kisha hukata tiketi ya muvi bila kutoka nje kupigwa na jua. Miaka hiyohiyo sisi Sumbawanga tulikuwa na mpango kama huo. Tofauti ni kwamba wetu ulijengwa kwa mabati na magunia, ukabanwa katikati ya wauza maharage na mafundi baiskeli, na kioo kilikuwa kimoja tu.

Tuliliita banda la video. Waliotoka humo wakijishika kiuno waliliita kibanda umiza. Ndani kulikuwa na televisheni ya chogo juu ya meza ndefu, deki, spika mbili na mabenchi yasiyo na egemeo. Nje lilisimama bao jeusi lenye ratiba ya chaki: saa nane Wachina, saa kumi Wahindi, saa kumi na mbili vita. Kiingilio kilikuwa shilingi mia. Umeme wetu kwa miaka mingi umetoka Zambia, kupitia Mbala, kwa hiyo hitilafu ya ng'ambo ya mpaka iliweza kumkatisha steringi ngumi ikiwa bado hewani. Hapo zilipigwa kelele za kusikika soko zima, na mwenye banda alitoka mbio kuvuta kamba ya jenereta, maana akichelewa angedaiwa viingilio.

Hayo yote niliyajua nikiwa nje. Mama alikuwa na meza ya ulezi na dagaa hatua chache kutoka bandani, na baada ya shule nilikaa naye. Wasichana hawakuingia. Hakukuwa na tangazo lililotukataza. Yalikuwapo macho ya watu. Siku niliyosogea mlangoni na mia yangu mkononi, kijana wa tiketi aliniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, umetumwa kumwita nani?" Hakunifukuza. Halikumjia tu wazo kwamba nimekuja kuangalia.

Basi nikawa nasikiliza. Mabati hayazuii sauti, na mikanda mingi ilikuwa imetafsiriwa: msimuliaji alizungumza Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, akieleza, akitania, akimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Aliyevuma zaidi katika kazi hiyo nchini alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kwa wasimuliaji wa namna hiyo nilijua nani kafa kabla sijajua ana sura gani.

Nilipofika chuoni nilianza kusoma historia ya sinema nchini, na kila ukurasa niliusoma nikitafuta mlango. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la filamu kwa ajili ya Waafrika, makao yakiwa Vugiri, Tanga. Filamu zilizungushwa kwa lori na kuonyeshwa uwanjani, penye mlango usio na bawabu. Mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu, na aliyeigiza humo, Rashidi Kawawa, miaka kumi baadaye alikuwa waziri mkuu. Mijini yalikuwapo majumba hasa: Empire na Avalon kule Dar es Salaam, Majestic kule Unguja. Na hapo Unguja ndipo niliposimama kusoma, kwa sababu majumba yake yaliwahi kuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mama, binti na jirani walivaa vizuri, wakaenda pamoja, wakakata tiketi, wakakaa. Hakuna aliyewauliza wametumwa kumwita nani.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Deki na jenereta vikatangulia, vikafika mahali ambapo jumba la sinema lisingeweza kulipa, hata kwetu, kilomita zaidi ya mia mbili za vumbi kutoka Tunduma. Kila aliyekulia mji mdogo analisifu banda kwa hilo, na anasema kweli. Lakini tumezoea kuisimulia historia hii kwa kupima kioo: kilikuwa kikubwa kama ukuta, kikawa kidogo, sasa kimeingia mfukoni. Ukipima mlango badala ya kioo, hesabu inabadilika. Banda lilileta dunia Ufipa, likaigawia nusu ya watu.

Nusu iliyobaki ilipata onyesho la pili. Lilifanyika jikoni kwetu, usiku, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Sumbawanga humkusanya kila mtu kwenye jiko la mkaa. Kaka alirudi kutoka bandani, akavua koti, akaanza. Alipiga risasi kwa mdomo. Sufuria ilikuwa helikopta. Mama, ambaye mchana kutwa alikaa hatua chache kutoka kwenye kioo bila kugeuza shingo, ndiye aliyedai kipande kirudiwe, na ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyeliuliza kule bandani: huyo mtoto aliyetekwa, nani anampikia?

Leo binti wa Sumbawanga ana kioo chake mkononi. Akiwa na bando anaangalia anachotaka, na sitamkubalia mtu anayeniambia kwamba zamani ilikuwa bora. Ninachokikosa ni lile jiko na watu wake.

Commando niliitazama kwa macho yangu mara ya kwanza hosteli, kwenye kompyuta ya rafiki. Ilinishangaza kwa ufupi. Hapakuwa na mvua kubwa niliyoikumbuka, wala daraja lililokatika, wala mama wa steringi aliyesubiri nyumbani na chakula. Nilimpigia kaka simu kumuuliza vilienda wapi.

Alicheka hadi akakohoa. "Mdogo wangu, siku ile umeme ulikatika katikati, na jenereta likagoma. Mwisho hatukuuona. Na mama alikuwa anasubiri, ningemwambia nini?"