Jozi Zisizochorwa



Mmezoea kwamba kiongozi wa wanafunzi akiandika kwenye karatasi hizi, ni juu ya usafi wa mabweni ao juu ya wale wanaochelewa kwenye mstari asubuhi. Leo hapana. Leo naandika juu ya maumbo ya molekuli, maana naona somo hili linafanya wengi wachukie shimi bure.

Mambo yako hivi. Kitabu cha shimi darasani mwetu ni kimoja, nacho ni cha mwalimu. Sisi tunanakili. Basi wengi wamenakili ile tablo: metani ni tetraedri, amonia ni piramidi, maji imepinda, gazi karboniki ni mstari mmoja, na wanaishika kwa kichwa kama majina ya mito. Usiku wakati wa etidi unasikia mtu anaimba pembe peke yake: mia moja tisa na nusu, mia moja saba, mia moja ine na nusu. Ukimwuliza juu ya nini maji imepinda, anakujibu: «Ni vile iko kwenye tablo.» Sasa siku ya Examen d'État wakikuletea molekuli ambayo haiko kwenye tablo, utafanya namna gani? Mwenye vitabu ishirini anaweza kukariri akipenda. Sisi tusio navyo, inatuomba kanuni moja inayozaa zingine zote.

Na kanuni hiyo iko. Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Marekani alionyesha kwamba atomu zinashikana kwa kutumia elektroni mbili mbili, jozi kwa jozi. Mwaka 1940 Sidgwick na Powell, wa Uingereza, walisema kwamba hesabu ya jozi zinazoizunguka atomu ya katikati ndiyo inayotoa umbo. Jozi hizo zinakimbiana. Kila moja inatafuta kukaa mbali na zingine kadiri iwezekanavyo. Zikiwa mbili, moja inakwenda upande huu na nyingine upande ule: digrii 180. Zikiwa tatu, zinagawana duara: digrii 120. Ni hayo tu.

Zikiwa nne, hapo ubao unatudanganya. Mwalimu anachora kaboni katikati na hidrojeni nne, juu, chini, kushoto na kuume, na sisi tunaona pembe ya 90. Lakini chaki haiwezi kutoka nje ya ubao, na molekuli haikai kwenye ubao! Chukua donge la udongo na vijiti vinne vya kiberiti, ujaribu kuviweka mbali kabisa, kila kimoja na wenzake. Utaona kimoja kinasimama juu, na vitatu vinafunguka chini kama kiti cha miguu mitatu. Pembe zote ziko sawa, 109,5. Umbo hili Mholanzi Jacobus van 't Hoff aliliandika mwaka 1874, akiwa kijana wa miaka 22. Mfaransa Le Bel aliliandika mwaka ule ule, kila mtu kwa njia yake. Na elektroni ilikuwa bado kujulikana. Ilionyeshwa mwaka 1897. Mimi jambo hilo linanishangaza kila mara, kwamba watu walijua umbo kabla ya kujua kinacholifanya.

Sasa fikeni kwenye maji, maana hapa ndipo watu wanapotea. Oksijeni ina elektroni sita za nje. Inachangia moja na kila hidrojeni, na kila hidrojeni inaleta yake. Jozi mbili zimefunga. Je, nne zilizobaki zimekwenda wapi? Haziendi popote. Ni jozi mbili ambazo hazimshiki mtu, na katika daftari nyingi hazichorwi hata kidogo. Lakini ziko, na zinasukuma kama zingine. Jumla ni jozi nne, kama metani. Tofauti ni kwamba mbili hazibebi kitu, kwa hiyo sisi tunaona tu miguu miwili iliyopinda.

Na mbona pembe si 109,5 bali 104,5? Hilo walilieleza Ronald Gillespie na Ronald Nyholm mwaka 1957, wakiwa London. Jozi iliyofunga inavutwa na atomu mbili, moja kila upande, kwa hiyo inakuwa nyembamba. Jozi huru inavutwa na atomu moja tu, kwa hiyo inapanuka. Ninyi wa bwenini mnalijua jambo hili: anayelala katikati ya wawili anajikunja, na yule wa pembeni ananyoosha miguu mpaka anawasukuma wote. Amonia ina jozi huru moja, pembe inashuka karibu 107. Maji ina mbili, inashuka zaidi. Sasa hakuna cha kuimba tena, unahesabu tu.

Mdogo mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia: «Yaya, hizo jozi hatuzioni. Tunajuaje kama ziko?» Swali zuri sana. Nilimwambia aangalie sufuria. Metani ina uzito wa 16, amonia 17, maji 18. Karibu uzito mmoja, na kila moja ina elektroni kumi. Lakini metani inachemka kwenye digrii 161 chini ya sifuri, amonia kwenye 33 chini ya sifuri, na maji kwenye 100 juu ya sifuri. Metani haina jozi huru hata moja, molekuli zake zinapitana tu bila kushikana. Maji imepinda, basi ina upande wa oksijeni na upande wa hidrojeni, na hidrojeni ya molekuli moja inashika jozi huru ya jirani yake. Kama maji ingekuwa imenyooka, mivuto yake miwili ingefutana, kama inavyofutana katika gazi karboniki, ambayo ina uzito wa 44 na bado ni gazi. Sisi wa Kivu tuko na mfano mbele ya macho yetu: chini ya ziwa kumeyeyuka metani na gazi karboniki nyingi sana, na juu yake maji. Hivi vitatu vinatofautiana hivyo sana sana kwa sababu ya namna jozi zilivyopangwa.

Kwa wale wa mwaka wa sita wanaoogopa molekuli wasiyoijua, twende na moja. Ksenoni, gazi ambayo watu walidhani haishikani na kitu, mwaka 1962 ilishikana na fluori nne. Haiko kwenye tablo yetu. Hesabuni: ksenoni 8, fluori zinaleta 4, jumla 12, yaani jozi 6. Jozi sita zinakaa moja juu, moja chini, nne kuzunguka katikati. Nne zimefunga, mbili ni huru. Hizi huru ndizo zenye kupanuka, basi zinakaa mbali kabisa, moja juu na moja chini. Kinachobaki ni mraba uliolala. Na walipopima, walikuta mraba uliolala.

Nisiwafiche, kanuni haifiki kila mahali. Kwa hidrojeni sulfidi, ile yenye harufu ya yai bovu, inasema pembe itakuwa chini kidogo ya 109,5, lakini iliyopimwa ni karibu 92. Kanuni inatoa umbo, kipimo kamili kinaomba vitu vingine ambavyo hatujafika. Mimi hilo halinisumbui. Afadhali kanuni inayokosa digrii chache kuliko tablo isiyojibu swali.

Udongo na vijiti viko darasani kwetu, mwaka wa sita, kwenye dirisha. Siku ya tano kisha etidi nitakuwa pale. Mwenye kuja alete molekuli ambayo haiko kwenye daftari yake.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita