Hodi Katika Kijiji cha Mitende



Yako maswali ambayo mwalimu wa chuo huulizwa na watoto, naye huyajibu upesi kwa kuwa majibu yake yamo vitabuni. Na yako mengine ambayo hujiuliza mwenyewe usiku, asijue akifungue kitabu gani. Swali langu lilikuwa dogo: je, niende au nisiende kukitazama kijiji kimoja cha Oman kilichoko ukingoni mwa jangwa? Walakini lilinikosesha usingizi siku tatu.

Jina la kijiji hicho sitalitaja, na sababu yake mtaiona. Wilaya yake ni Bidiya, katika nchi ya Sharqiya, ambako ndiko asili ya wengi wa Waarabu waliohamia kwetu Unguja zamani. Hapo ndipo panapoanza mchanga mkubwa uitwao Rimal al-Sharqiya, wenye eneo la kiasi cha kilomita za mraba 12,500; na kando yake, kama ukindu uliotupwa chini, imeshonana mitende.

Mwezi wa Muharram 1446, yaani Julai 2024, nalijaaliwa kwenda Umra kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na kwa mchango wa wanafunzi wangu wa zamani. Katika kurudi nalipitia Muscat, na mmoja wa wanafunzi hao, aliye karani wa duka huko, alinishika nikae kwake siku nane. Kijana huyu nalimwanzisha alifu mimi mwenyewe. Sasa ana ndevu na watoto watatu, lakini akisimama mbele yangu bado huificha mikono yake nyuma, kama aogopaye bakora.

Usiku wa pili akaniambia, "Maalim, Alkhamisi sina kazi. Nataka nikupeleke Bidiya ukaone jangwa na kijiji cha mitende. Kwao rafiki yangu wa dukani ni huko."

Moyo wangu uliruka. Kwa muda wa miaka 28 nimesomesha mlango wa maji katika fiqhi: ya kuwa maji yanayofaa kujitwahirishia ni ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya barafu. Watoto huyahisabu kwa vidole, nami huwasahihisha kama niliyeyaona yote. Ukweli ni kwamba ya mvua, ya bahari na ya kisima ndiyo nilioyajua. Mto naliuona Bara, nami nimo ndani ya basi. Theluji nimekwisha kuikatia tamaa. Lakini maji ya falaji, yatokayo chini ya nchi kavu na kuwafikia watu kwa mfereji, hayo nalitamani kuyatia mkono kabla sijafa.

Kijana akanieleza jinsi yalivyo, nami namsikiliza kama mtoto. Watu wa kale walichimba chini ya mlima hata wakayafikia maji, na kisima hicho cha kwanza wakakiita mama wa falaji. Kutoka hapo hupitishwa mfereji chini ya ardhi, wenye mteremko mdogo mno, pengine mwendo wa kilomita nyingi, hata maji yatoke juu yenyewe kwenye mashamba, bila ya mashine wala ng'ombe. Falaji zipo hata leo katika Oman, na zafika kiasi cha 3,000 zinazotumika. Wenyeji husimulia kuwa za kwanza zilichimbwa na majini kwa amri ya Nabii Suleiman bin Daud, na ndiyo maana aina hiyo huitwa daudi.

Kilichonishangaza zaidi ni mgawo wake. Maji hayagawanywi kwa ndoo, bali kwa wakati. Kila mwenye haki ana zamu yake, na kipimo chake ni athari, ambayo ni kiasi cha nusu saa. Mchana ilipimwa kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Siku hizi wengi hutazama saa. Na kabla ya kufika mashambani, maji hupita kwa utaratibu: mwanzo pa kunywa, kisha msikitini, kisha pa kuogea wanaume, kisha pa wanawake. Sisi hapa kwetu tuna mfereji mmoja wa serikali, na kila kiangazi majirani hutoleana maneno mbele yake.

Basi ningeitikia pale pale. Kilichonizuia ni dirisha.

Kijijini kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, wageni wa hoteli hupita kila siku. Siku moja watoto walikuwa wakisoma Amma kwa sauti moja, kikachomoza kichwa dirishani, na nyuma ya kichwa mkono wenye simu. Hapakuwa na hodi wala salamu. Binti mmoja, ushungi umemwanguka, alipigwa picha hali ameduwaa, na hata leo sijui picha ile imefika nchi gani. Nalitoka nje nimekunja uso. Mgeni yule, ambaye sidhani kuwa alikuwa mtu mbaya, alitabasamu akanipa noti. Noti ile, nasema kweli mbele ya Mola wangu, naliipokea, kwa kuwa paa la chuo lilikuwa likivuja. Tulinunua bati mbili. Mvua ikinyesha nazisikia bati zile kuliko zote.

Na sasa nimelala Muscat, chumbani mwenye kiyoyozi, nimejaa furaha ya kwenda kuwatazama watu wa kijiji wakichota maji yao. Nikajiona mimi ndiye kichwa kile dirishani.

Nalijitetea kama wajiteteavyo wanadamu. Nikasema, mbona Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Qur'ani tutembee katika ardhi na tutazame? Ni kweli, lakini aya hizo zinatutaka tuzingatie alivyoumba Yeye, na mwisho wa kaumu zilizopita. Nikarudi kwenye fiqhi. Twawafundisha watoto ya kuwa mwenye kupunguza sala, safari yake iwe ya marhala mbili na iwe ya halali. Kutoka Muscat hadi Bidiya ni zaidi ya kilomita 200, kwa hivyo marhala mbili zimetimia na kuzidi. Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameongeza neno ambalo watoto hulipita mbio, nami sikuwa nikiwasimamisha: ya kuwa safari iwe na makusudio ya maana, na mwenye kuzunguka miji kwa ajili ya kuiona tu, kuona huko hawakukuhisabu kuwa ni makusudio. Kutembea ili kuiburudisha nafsi wamekukubali. Mimi nilikuwa katika lipi? Nalichelea nisije nikapunguza sala yangu kwa hila.

Asubuhi nalimwambia kijana, "Mwanangu, mpigie simu rafiki yako. Tubishe hodi kwanza."

Akacheka. "Maalim, barabara ni ya serikali. Magari ya watalii hupita hapo kila siku yakenda mchangani."

"Barabara ni ya serikali. Na pale wanapooga mama zao, pia ni pa serikali?"

Akanyamaza. Nalimkumbusha Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, alizozihifadhi kwangu: ya kuwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi, na hivyo ndivyo usafi zaidi kwetu. Kijiji kikubwa kina soko, kina mahali pa kila mtu. Kijiji kidogo cha jangwani, ambacho watu wake wote wanywa mfereji mmoja, mimi nakiona kuwa ni nyumba moja yenye vyumba vingi.

Rafiki yake akampigia mama yake. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: marhaba, siku yoyote, mgeni kutoka Makka ni baraka. Kijana akanitazama kwa furaha, kama mwanafunzi aliyemfunga mwalimu wake kwa hoja.

Lakini mimi nimekua katika nyumba ambayo haijapata kumwambia mgeni "usije". Najua maana ya karibu hiyo. Nalimkumbuka marehemu mama yangu akipita ua wa nyuma na kibakuli chini ya kanga, akenda kukopa mchele kwa jirani, na huku sebuleni baba anamwambia mgeni, "Kaa, kaa, nyumba ni yako." Basi jioni nalimwomba rafiki yule aje, nikamwuliza taratibu.

"Nyumbani yupo nani?"

"Mama, na mke wa kaka yangu, na watoto. Baba amekwisha kufariki. Mimi na kaka yangu tuko huku kazini."

"Na mama hajambo?"

"Alhamdulillahi. Juzi ametolewa mtoto wa jicho. Daktari amemkataza moshi na jua."

Ulikuwa ni msimu wa tabsili. Wasomaji wengi hawaujui, basi nitaueleza. Iko aina ya tende iitwayo mabsili, ambayo hukatwa kabla haijawa laini, ingali ya manjano, ikachemshwa katika masufuria makubwa kiasi cha robo saa au zaidi kidogo, kisha ikaanikwa juani siku kadhaa hata ikakauka. Bidiya ni mashuhuri kwa kazi hii, na tende hizo tangu zamani hupelekwa Bara Hindi. Kazi hiyo huwa katika Julai, wakati joto la Oman halina mzaha. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulioko pwani, ulipita usiku na mchana ambapo joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Katika joto hilo watu husimama mbele ya tanuri la tende. Na mama yule amekatazwa moshi, na nyumba haina mwanamume, na mke wa kaka yumo kazini na vibarua.

"Akijua mgeni anakuja, atachinja?" nikamwuliza.

Kijana wa watu akainama. "Atachinja, Maalim, hata akiwa mbuzi ni mmoja."

Usiku ule nalisali rakaa mbili za istikhara. Sikuota kitu. Mtume wetu (S.A.W.) ameusia mgeni akirimiwe, na akamwonya mgeni naye asikae hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Sehemu ya kwanza ya wasia huu kila mtu anaijua, kwa kuwa ina pilau ndani yake. Nikawaza pia njia ya kati: twende, tule Ibra, tufike baada ya Alasiri, tunywe kahawa barazani, tuondoke kabla ya Magharibi. Lakini mama wa Kiarabu mgeni kutoka Makka amefika mlangoni, nawe umwambie kahawa tu yatosha? Na kupita kijijini bila ya kumwingilia, naye akasikia, hilo lingekuwa ni tusi.

Asubuhi nikasema, "Hatwendi."

Kijana alikasirika. Hakusema neno baya, lakini alikitia kikombe juu ya kisahani kwa kishindo. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jawabu lake: "Maalim, watu wamekwisha sema karibu. Na kuikataa karibu, hiyo nayo ni adabu?"

Siku ya Alkhamisi, badala ya Bidiya, alinipeleka Birkat al-Mawz, chini ya Jabal Akhdhar. Hapo ipo Falaji al-Khatmein, moja katika falaji tano ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Wenyeji wamezoea wageni. Naliyaona maji yakifika mahali yanapogawanyika mikondo mitatu iliyo sawa, yakaachana kimya kimya, hapana unaolalamika kuwa umepunjwa. Nikavua viatu, nikatawadha. Maji yalikuwa vuguvugu. Sala sikuipunguza, nalisali kamili, kwa kuwa shaka yangu haikuwa imekwisha. Mtoto mmoja alinipiga picha kwa simu ya baba yake, labda kwa ajili ya kofia yangu ya kiua, nami nikamwacha.

Nalirudi Unguja nikiwa na raha ya moyo, nadhani nimetenda vyema. Raha hiyo ilidumu mpaka mwezi wa Safar. Msafiri mmoja alinifikishia kopo la tende za mabsili, kavu, za rangi ya kahawia, pamoja na maneno ya mwanafunzi wangu. Kumbe rafiki yake aliona haya kumwambia mama yake kuwa mgeni ameghairi. Yule mama alikaa barazani siku ile, na kitambaa jichoni, hata Magharibi. Alidhani gari letu limeharibika njiani, akawa anatuombea. Wala hakuchinja. Alikuwa amepika wali na samaki mkavu, kwa kuwa aliambiwa kuwa mgeni ni mtu wa pwani.

Tende zile tuliwagawia watoto wa chuo, moja moja, na kopo lake sasa natilia chaki. Nauli ya kwenda Oman sina. Walakini nimemwandikia mama yule barua kwa Kiarabu changu cha vitabuni, nikamtaka radhi, nikamwuliza kama naweza kuja siku moja baada ya mavuno, jicho lake likiwa zima na wanawe wakiwapo. Barua imeondoka na msafiri Ijumaa iliyopita. Jibu halijafika.