Vibao vya Milangoni Bondeni

Mgeni atokaye Mwambao akifika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, hatajihisi ugenini sana. Tuko bara, kati ya mlima Menengai ulio kaskazini na Ziwa Nakuru lililo kusini. Hata hivyo adhana inasikika, mabuibui yanaonekana, na hodi hupigwa kwa Kiswahili. Huu ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya mji uliokua tangu reli ilipofika mwaka 1900, na familia za Kiislamu zimeishi humo kwa vizazi.

Katika mitaa kama hii nyumba huwa makazi na pia mahali pa riziki. Alfajiri hupikwa mahamri na mbaazi, mchana cherehani hulia, na Idi ikikaribia hupakwa hina. Tangazo la kazi hizo limekuwa mdomo wa jirani. Mama anapotundika kibao mlangoni, mambo mawili hubadilika.

La kwanza ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti usimamizi wa leseni za biashara na pia wa matangazo ya nje. Hayo ni mambo mawili mbalimbali: aliye na leseni ya kuuza asidhani kwamba amekwisha kuruhusiwa kutangaza, kwani hata kibao kidogo chaweza kuhesabiwa tangazo na kutozwa ada. Ada hupangwa katika sheria ya fedha ya kaunti, nayo hubadilika. Ya mwaka jana isitegemewe. Aidha, nyumba ya kuishi ikigeuzwa duka kamili, Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 yataka idhini ya kubadilisha matumizi. Mpangaji naye aanze kwa mwenye nyumba.

La pili ni stara. Mteja aliyeelekezwa na jirani hujulikana ni nani. Kibao humwita yeyote apitaye. Basi watu wa nyumbani wakubaliane mapema: saa za kupokea wateja, mahali pa kuwapokelea, na kama jina la mama na nambari yake ya simu viandikwe hadharani au itajwe kazi tu.

Kibao kilichong'olewa humpotezea mama gharama ya fundi na wateja pia. Afadhali aulize kwanza katika ofisi ya kaunti, na kila shilingi atakayolipa aidai risiti yake.