Lile tumbo nililoliita mimba

Leo sijaja na ubuyu wa mtu. Ninao, ila ni wangu mwenyewe, na nitaumwaga wote hapahapa.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka posti ya yule dada msanii. Simtaji jina, na komenti yoyote itakayomtaja naifuta. Mwaka juzi alipanda jukwaani na gauni la kubana, tumbo likaonekana. Mimi nikapiga skrinshoti, nikazungushia duara jekundu, nikaandika: "Haya, baba ni nani?" Usiku ule komenti zilipita mia nne. Kesho yake binamu yake akaniandikia inboksi: "Dada, si mimba. Ana uvimbe kwenye kizazi, anatokwa na damu mpaka anazimia. Tunakuomba uitoe hiyo picha." Nikamjibu na emoji ya kucheka. Halafu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, nikaandika posti ya pili nikisema familia inahangaika kuficha.

Basi ikapita. Nikaendelea na maisha, na matangazo yakaingia.

Sasa njoo kwangu. Mwaka jana siku zangu zilianza kubadilika. Kwanza zikawa siku saba, zikawa tisa. Pedi mbili kwa pamoja, na bado usiku naamka kufua shuka. Nguo nyeupe nikazigawa. Nilikuwa nachoka kama mtu aliyebeba zege kutwa nzima, ngazi sita tu za kwa dada yangu nakaa chini napumua. Nikajua ni msongo, si unajua mjini hapa kila kitu tunakiita msongo.

Siku moja natoka Kariakoo, nimepata siti kwenye daladala la Mbagala. Tumefika Rangi Tatu nasimama nishuke, nikasikia kimya cha ajabu nyuma yangu. Mama mmoja wa makamo akafungua khanga yake ya juu, akanifunga kiunoni bila kusema neno lolote, akanisukuma taratibu mlangoni. Siti sikuiangalia. Na khanga ya watu mpaka leo ninayo.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda, mhudumu hakunigusa hata tumbo. Akaniuliza miaka, nikamwambia 26, akauliza nina watoto wangapi, nikasema sina. "Ukizaa itaisha." Nikapewa vidonge vya kuongeza damu na njia ya kutokea. Ni mama yangu ndiye aliyeng'ang'ania: "Mwanangu, damu ya mwezi haitoki hivyo. Mimi nimekuzaa, naijua." Tukaenda hospitali kubwa. Kipimo cha damu kikatoka 6.8. Kwa mwanamke asiye na mimba inatakiwa angalau 12. Dokta alinitazama usoni, akatazama karatasi, akaniuliza nimefikaje pale kwa miguu yangu.

Kisha nikaandikiwa ultrasaundi. Unakunywa maji kama lita moja, unaambiwa usiende chooni. Niko kwenye benchi nimebana miguu, tumbo limenitoka, mama mmoja wa pembeni akaniambia kwa upole kabisa: "Hongera mwanangu. Mwezi wa ngapi?"

Sikumjibu. Nilikumbuka lile duara jekundu.

Ndani kule ni kitanda, mashine na jeli ya baridi inayopakwa tumboni. Nikauliza maswali kama kawaida yangu, na yule dada wa kipimo alikuwa na moyo wa kujibu. Kile kidude kinatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii, yanagonga viungo na kurudi, mashine inachora picha kutokana na mwangwi. Hakuna mionzi. Jeli ni ya kuondoa hewa, kwa sababu hewa huyazuia hayo mawimbi. Na mkojo unaobana ndio dirisha la kukionea kizazi. Mimi nilichokiona ni chenga tupu, kama runinga ya zamani iliyopoteza mawasiliano. Yeye akaona uvimbe sehemu tatu, mkubwa una sentimita 8. Fibroidi. Sio saratani, akanisisitizia mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Biolojia ya kidato cha nne nilipata D, nawaambia kabisa ili msije mkaniita dokta. Lakini nikikaa na simu usiku, mimi ndiye yuleyule niliyekuwa natafuta nani kaachana na nani, nimebadilisha mada tu. Na nimekuta mambo.

Mfano, hiyo ultrasaundi. Miaka ya 1950 kule Glasgow, Scotland, kulikuwa na daktari wa wanawake anaitwa Ian Donald. Viwanda vya kule vilikuwa na mashine ya sauti ya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Yeye akajiuliza, kama inaona ufa ndani ya chuma, si itaona na kilichomo ndani ya tumbo? Mwezi Julai 1955 akapakia kwenye buti za magari mawili fibroidi na mifuko ya maji iliyotolewa kwenye matumbo ya wagonjwa wake, akavipeleka kiwandani. Wenyeji nao walikuwa wamemwandalia pande kubwa la nyama ya ng'ombe ya kulinganishia. Yaani uvimbe wa aina ya huu wangu ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa vilivyopitishwa kwenye ile mashine! Mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha matokeo. Kuna mama mmoja aliyekuwa amehukumiwa kuwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha mfuko wa maji kwenye ovari. Ukatolewa, akapona. Watu walikuwa wamelitazama tumbo lake wakaamua. Haya, mimi nani wa kuwacheka.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa inabidi nijivue nguo nyingine.

Mnalikumbuka tangazo la chupa ya kijani, "inayeyusha uvimbe ndani ya siku 21 bila kisu"? Lilikaa kwenye ukurasa wangu miezi minne. Nililipwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Nilipopata majibu yangu, nikampigia mwenye chupa kama mteja. Akafurahi, "dada kwako ni bure, we chukua mbili." Nikamuuliza, imejaribiwa kwa watu wangapi? Akasema wengi. Wangapi walipima ultrasaundi kabla na baada? Akasema mimi naanza kuwa mtata. Kuna yeyote aliyedhurika? Akakata simu.

Nisikilizeni, sisemi miti shamba yote uongo. Bibi yangu katutibu wengi. Ninachosema ni hiki: hata dawa iliyojaribiwa kweli inaweza kukugeuka. Kuna dawa inaitwa ulipristali. Majaribio yaliyochapishwa 2012 yalionyesha inapunguza damu ya fibroidi na kusinyaza uvimbe, ikatumika Ulaya, wanawake wakaifurahia. Baadaye zikaanza kuja taarifa za wanawake wachache walioharibika ini, wengine mpaka kubadilishiwa ini la mtu mwingine. Mwaka 2018 wakaweka masharti ya kupima ini. 2020 wakaisimamisha, na mwisho wa mwaka huohuo wakairuhusu tena kwa wale tu ambao upasuaji au kuziba mishipa hakuwafai au kumeshindikana. Hiyo ni dawa yenye mafaili, madaktari na watu wa kuhesabu. Madhara yalikuwa adimu, ndiyo maana hayakuonekana mpaka ilipotumiwa na watu wengi. Sasa ile chupa ya kijani nani anaihesabia? Aliyeharibika ini kwa tangazo langu angejuaje pa kusema? Angeandika komenti, nami labda ningeifuta.

Dawa niliyopewa mimi ni asidi ya traneksamiki. Haisinyazi kitu. Inachofanya ni kuzuia mwili usiyeyushe haraka damu iliyokwisha kuganda, basi ile bomba inapungua. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na kazi yao ikatoka 1962. Mama huyo alikuwa anatafuta kitu cha kuwaokoa wazazi wanaokufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, maana aliwaona. Miaka zaidi ya hamsini baadaye ndipo jaribio kubwa likafanyika: wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, Kenya na Uganda pia. Nusu walipewa dawa, nusu kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini, ili mtu asione anachotaka kukiona. Matokeo yalitoka 2017: waliopewa dawa, vifo vya kutokwa na damu vilipungua, na waliopewa ndani ya saa tatu vilipungua kwa karibu theluthi. Bibi Okamoto alifariki 2016, mwaka mmoja kabla ya kuyasoma. Hapo nililia, sijui kwa nini, labda ile damu ndogo.

Kwangu ilisaidia. Siku tisa zikarudi sita, pedi mbili ikawa moja. Lakini uvimbe uko palepale, na dokta aliniambia wazi kuwa dawa inaninunulia muda tu.

Nilichokitaka mimi ni mrija. Nilisoma habari zake nikaupenda kama mtu anavyopenda simu ya matoleo mapya. Hupasuliwi. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa damu wa kinena au mkono, wanauongoza kwa picha za eksirei mpaka kwenye mishipa inayolisha kizazi, wanaachia chembechembe ndogo mno zinaziba njia. Uvimbe unakosa chakula, unasinyaa. Uko macho muda wote. Maumivu ya siku ya kwanza ni makali, hilo hawalifichi. Lilianza karibu kwa bahati: Paris, daktari Jacques Ravina na wenzake walikuwa wanaziba ile mishipa ili upasuaji wa baadaye usimwage damu nyingi. Wagonjwa wakiwa wanasubiri zamu yao wakaanza kupata nafuu, wengine wakasema kisu hawakihitaji tena. Akachapisha 1995, wanawake 16. Na usidhani ni ya Wazungu tu, Muhimbili madaktari wetu wamekuwa wakifundishwa tiba za namna hii ya mirija tangu 2018, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani.

Nikaenda kwa dokta na karatasi zangu kama wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Unataka kuzaa?"

Nataka. Sana. Sijawahi kuliandika humu kwa sababu humu mimi ni yule dada anayewacheka wenye wachumba.

Akaniambia Uingereza waliwagawa wanawake 254, wengine mrija, wengine upasuaji wa kutoa uvimbe na kukiacha kizazi. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, ila wa upasuaji walikuwa mbele kidogo kwa namna walivyoyaona maisha yao. Kuhusu mimba, waliopata walikuwa wachache mno kutoa jibu. "Kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa, mrija ningekupa leo," akasema. "Kwako, na uvimbe ulipokaa, mimi ningekata." Nilikasirika. Nilitaka aniambie kingine. Nikaenda kwa dokta wa pili, akaniambia vilevile kwa sauti ya ukali zaidi.

Kwa hiyo nakatwa. Damu imepanda imefika 10, wanataka ipande kidogo tena ndipo wanipe tarehe. Mama anapika mchicha na maini mpaka majirani wanauliza kuna sherehe gani.

Lile tangazo nimelitoa. Posti zote mbili za yule dada nimezifuta, ingawa najua skrinshoti zimezagaa na duara langu jekundu juu yake. Nilimtafuta binamu yake inboksi, ujumbe wetu wa mwisho ulikuwa bado ile emoji yangu. Nikaandika aya tatu, nikazifuta, nikaandika "Naomba radhi. Ulisema kweli na mimi nilikucheka. Na mimi ninao." Ameusoma. Hajajibu, na sitamwandikia tena.

Komenti ziko wazi. Aliyepitia huo upasuaji aniambie niende na nguo gani, na siku ya ngapi mtu anaweza kucheka bila kushika tumbo.