Motakaa na Karatasi za Mpakani

Wako watu wapendao ngoma, wako wapendao mpira. Sisi twapenda kuendesha motakaa. Kushika usukani alfajiri, barabara ikiwa tupu na umande ungali majanini, ni raha isiyo na mfano. Basi likizo ikifika, na fedha ya petroli ikipatikana, hatukai nyumbani. Lakini raha hiyo hukatika mpakani, na hukatika kwa ajili ya bima.

Asili ya bima hii si mbaya. Uingereza waliilazimisha kwa sheria ya mwaka 1930, ili mtu aliyegongwa asiachwe bila msaada kwa kuwa aliyemgonga hana kitu. Ni haki tupu. Ila sheria ya nchi moja haivuki mpaka, wala bima yake. Kwa hiyo nchi za Mashariki na Kusini ya Afrika zilipatana juu ya Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini kadi haikuiacha, nasi twashukuru. Mwenye bima ya kwao huinunua kadi hiyo kabla ya safari, naye akifika Kenya, Uganda, Malawi au Zambia hatakiwi kununua nyingine.

Manung'uniko yetu yaanzia hapo. Kadi hii humlipa mtu tuliyemwumiza na mali tuliyoiharibu, na matibabu ya waliomo garini mwetu. Motakaa yetu wenyewe hailipiwi hata taa moja. Tuliwauliza wenye bima wetu kama bima kubwa itatufuata hadi Lusaka. Wakajibu kwamba yaishia Tunduma, ila tukiongeza fedha. Na fedha waliyoitaja ilikaribia mshahara wa mwezi. Twailipia bima kubwa mwaka mzima, na siku tunapoihitaji zaidi, katika barabara ya ugenini yenye malori usiku na mchana, ndiyo siku inapobaki nyumbani! Toka Nakonde hadi Lusaka ni karibu kilometa 1,000. Tulizikata kwa mwendo wa kobe. Kila lori likitupita na kurusha vijiwe kiooni, moyo wapiga. Mama watoto akauliza kama hii ndiyo ile raha tuliyomsifia.

Tukielekea Msumbiji mambo ni mengine. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lenye urefu wa meta 720, lilifunguliwa mwaka 2010. Gari huvuka upesi, lakini Kadi ya Njano haina kazi ng'ambo, maana Msumbiji hawamo katika mapatano hayo. Mgeni hununua bima ya huko, hata kama ya kwao aliilipia jana.

Afrika ya Kusini wana njia nyingine, nayo twaipenda kuliko zote. Huko malipo yamo ndani ya bei ya petroli na dizeli: kila ajazaye tangi, mwenyeji au mgeni, amekwisha changia mfuko wa walioumizwa barabarani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mfuko huo hulipa kwa ajili ya miili ya watu, si mabati ya magari. Mwalimu mwenzetu mmoja aipinga njia hiyo. Asema kwamba aendeshaye ovyo na aendeshaye kwa uangalifu hulipa sawasawa kwa kila lita. Hoja yake ina nguvu. Lakini yeye hana motakaa, hupanda basi.