Nilivyokuwa Mlinzi wa Kila Sheria

Mimi ni mwalimu huku Merigi, Bomet. Jumamosi jioni, majani chai yakishapimwa kituoni, vijana wa majirani huja kwangu tucheze Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu ambao kila mtu huigiza mhusika wake. Namshukuru Mungu kwa mchezo huu, na zaidi kwa jinsi alivyonirekebisha kwa huo huo.

Kitabu cha sheria zake nililetewa na binamu yangu aliyeko Minnesota. Ni Players Handbook ya Gary Gygax ya mwaka 1978, katika chapa iliyotolewa tena mwaka 2012. Nilikipenda mno. Nilishikilia kwamba anayechapa kitabu upya hana ruhusa ya kugusa sheria. Asahihishe herufi, basi. Toleo la pili, la mwaka 1989, nililiona ni uharibifu, sikutaka hata kulifungua. Vijana wakiuliza, nilijibu, "Imeandikwa." Ukali huo niliuita uaminifu.

Sasa, mpiganaji aliyepata nguvu 18 hutupa dadu tena kuona amewazidi wenzake kwa kiasi gani. Katika kitabu kile, mhusika binadamu mwanamume anaweza kufika 100. Binadamu mwanamke anakomea 50. Nilikuwa nimeipita sheria hiyo mara nyingi, wala haikunigusa.

Msichana mmoja, anayechuma chai na mama yake kabla ya kuja kucheza, alitaka mhusika wake awe mwanamke mpiganaji. Dadu zikampa 18, kisha 91. Akashangilia. Nikamwambia aandike 50. Hakubisha. Aliuliza tu, "Mwalimu, kwa nini?" Nilimtazama, mtoto ambaye asubuhi ile alibeba kikapu cha majani mgongoni hadi kituoni, nikakosa la kumjibu.

Hata hivyo sikubadili. Niliogopa kwamba nikifuta mstari mmoja, kesho watataka tufute yote. Lakini swali lile halikuniacha nilale. Mwishowe nilisoma toleo la 1989. Kikomo kile kilikuwa kimeondolewa, na mchezo ulikuwa pale pale.

Muda wote huo binti aliendelea kuja na 50 yake, bila kinyongo. Sikustahili subira hiyo. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Ni sawa, Mwalimu. Tuendelee." Akaandika 91. Kongoi, yaani asante, binti yangu.

Sisemi kila kitu kibadilishwe. Toleo la nne, la mwaka 2008, liligeuza mambo mengi kwa mpigo hata wachezaji wengi wakalikimbia, na nawaelewa. Chapa ya kumbukumbu nayo ibaki ilivyoandikwa, ili tujue tulikotoka.

Ila ndugu yangu unayeandaa kitabu cha kuchezewa leo, nakusihi: iondoe sheria inayomfungia mchezaji mlango, kisha uandike mwanzoni umebadilisha nini na kwa sababu gani. Mtoto atauliza, na mwalimu wake atahitaji jibu.