Kumbe Barua Zetu Zilikuwa Takani

Mwezi huu tunapenda kuwashirikisha jambo lililotuaibisha kwanza na kutufundisha baadaye. Tunaamini litawafaa wengi wenu, hasa ninyi mlio katika vikundi vya uzalishaji mali, na ninyi mnaouza nguo, keki au sabuni kwa kuwaandikia wateja barua pepe.

Sisi ni akina mama kumi na wanane wa usharika mmoja huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Watatu kati yetu ni wauguzi. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukitengeneza batiki, sabuni ya maji na siagi ya karanga. Faida yake hununua unga, maharage na mkaa kwa ajili ya nyumba ndogo iliyo jirani na hospitali, ambamo wajawazito wanaotoka mbali husubiri siku yao ya kujifungua. Wengi wao ni wale ambao hawapaswi kabisa kujifungulia nyumbani: aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu.

Wateja wetu wengi hawako hapa. Ni watoto wa usharika walioolewa au kuajiriwa Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, pamoja na rafiki zao. Kila mwanzo wa mwezi tuliwaandikia barua pepe moja: tumetengeneza nini, kwa bei gani, na fedha za mwezi uliopita zimefanya kazi gani. Oda zilikuja, mizigo ikapakiwa kwenye basi, maharage yakanunuliwa.

Mwaka jana oda zikaanza kupungua. Mwezi wa tatu zilikuwa nusu. Mwezi wa nne tulipata oda nne tu. Tulisema ni ugumu wa maisha. Wengine wetu walisema wateja wametuchoka. Mwezi huo chakula kikaisha katika nyumba ya wajawazito. Mama mmoja mwenye kovu la upasuaji aliona aibu kuwaomba wenzake, akaamua kurudi kwao ng'ambo ya mto kuchukua unga. Uchungu ukamkuta njiani, mvua inanyesha. Aliletwa kwa bodaboda saa nane za usiku, na muuguzi wa zamu alikuwa mmoja wetu. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walitoka salama. Lakini anayejua kwamba kovu la mji wa mimba linaweza kupasuka wakati wa uchungu ataelewa kwa nini muuguzi yule alitetemeka hata baada ya mtoto kulia.

"Mbona mlinisahau?"

Wiki tatu baadaye tulikutana msibani na mteja wetu wa siku nyingi, mama mjane anayeishi Dodoma. Alitusalimia vizuri, lakini tukaona ana neno moyoni. Mwishowe akasema, "Dada zangu, niliwakosea nini? Mbona mlinisahau? Tangu Krismasi sijapata barua yenu hata moja."

Tukamhakikishia kwamba tumemwandikia kila mwezi. Binti yake akachukua simu ya mama, akafungua sehemu ambayo mama hakuwahi kuifungua, ile inayowekwa barua taka, ambazo vijana huziita spamu. Barua yetu ya mwezi ule ilikuwa humo, imelala katikati ya matangazo ya bahati nasibu na dawa za kupunguza unene. Zile za nyuma hazikuwamo tena, kwa sababu Gmail hufuta yenyewe barua taka zinapofikisha siku 30.

Tuliporudi nyumbani tuliwapigia simu wateja wengine kumi. Saba walizikuta barua zetu huko huko takani. Kumbe muda wote ule kila upande ulikuwa ukinung'unika kwamba umesahauliwa na mwenzake.

Swali lililotuumbua

Yupo kijana wa usharika wetu anayefanya kazi ya kompyuta. Tulimwita tukiwa na hasira, tukitaka atuambie ni nani anayetuchezea. Alikuja, akasema, "Shikamooni mama zangu," akaketi, akatazama barua zetu pamoja na orodha ya tunaowaandikia. Kisha akauliza, "Hizi anwani 640 mlizipata wapi?"

Tukatazamana.

Ukweli ni huu. Wateja waliokubali kuandikiwa na sisi walikuwa 130 hivi. Mwezi wa Januari, kwa tamaa ya kuuza zaidi, tulichukua daftari la mahudhurio ya semina ya akina mama, tukaongeza na orodha za wachangiaji wa harusi mbili, tukaingiza anwani zote. Hatukumwuliza hata mtu mmoja.

Kijana akatueleza matokeo yake. Baadhi ya anwani zile zilikosewa kuandikwa au zilikuwa hazitumiki tena, hivyo barua ziligonga mwamba na kurudi. Watu wengine walipoona barua wasiyoiomba, walibonyeza kitufe cha kuripoti barua taka. Kampuni zinazopokea barua, kama Google na Yahoo, huhesabu mambo hayo yote. Google inawataka watumaji wahakikishe kwamba malalamiko hayafikii asilimia 0.3, yaani barua 3 katika kila 1,000. Kwa barua zetu 640, watu wawili tu wakilalamika tumeshafika huko. Jina letu likaharibika, na jina likishaharibika halichagui: hata wale 130 waliotupenda hawakutupata tena.

Akasoma na kichwa cha barua yetu ya mwezi wa pili. Tuliandika kwa herufi kubwa: HARAKA!!! TUMA LEO KWENYE NAMBA HII. Akatabasamu, akasema, "Mama zangu, hii ina tofauti gani na zile meseji za matapeli, za ile hela itume kwenye namba hii?" Tulicheka, lakini kicheko cha aibu.

Mlinzi wa getini

Alipotupa mfano wa hospitali, sisi wauguzi tulielewa upesi. Mlinzi wa getini hawezi kuona moyo wa kila anayeingia. Hutazama mambo machache: umetoka wapi, una barua ya rufaa, barua ina muhuri, na mara ya mwisho ulipokuja ulileta fujo au la. Naye hakuwa mkali bila sababu. Mwaka 1978 mfanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta Marekani alituma tangazo kwa watu wapatao 400 kwa mara moja bila kuwauliza, na wengi wakakasirika. Tangu hapo matangazo yasiyoombwa yameongezeka, na matapeli wakaingia humo humo, hata ikabidi milango yote iwekewe walinzi.

Barua pepe huonyesha vitambulisho vitatu kwa mlinzi huyo. Cha kwanza huitwa SPF. Hii ni orodha inayowekwa hadharani, ikitaja mitambo inayoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Cha pili ni DKIM, nacho ni muhuri usioonekana kwa macho, unaothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye jina na haikubadilishwa njiani. Cha tatu ni DMARC, nayo ni maagizo kwa mlinzi: ikija barua inayodai imetoka kwetu lakini haina vitambulisho, aipokee, aiweke pembeni, au aikatae kabisa.

Sisi tulikuwa tukitumia anwani ya bure ya Gmail, lakini barua zilikuwa zikitumwa na huduma nyingine ya kutuma barua nyingi. Barua ilisema imetoka Gmail, kumbe imepitia mlango mwingine. Ni kama mtu kuja na barua ya rufaa ya hospital fulani, lakini muhuri ni wa duka la dawa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watu wa Gmail anatakiwa kuwa na vyote vitatu, na katika barua za matangazo aweke njia rahisi ya msomaji kujitoa.

Tulivyotengeneza

Kwanza, tulitubu kwa vitendo. Tulifuta anwani zote tulizozichukua bila ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa ambazo mtu ametoa kwa kazi moja si halali kuzihamishia kazi nyingine bila ridhaa yake. Aliyeandika jina lake semina aliandika kwa ajili ya semina. Kisha tuliwapigia simu wale 130 mmoja mmoja, tukawauliza kama bado wanapenda kupata barua zetu. Waliosema ndiyo ni 112. Tuliumia kuona orodha ya 640 imebaki 112, lakini hao ni watu wetu kweli.

Pili, tulisajili jina letu wenyewe, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. Letu linaishia na .or.tz. Kijana wetu akaweka vile vitambulisho vitatu. Kazi hiyo hufanywa mara moja na fundi anayejua. Mama huna haja ya kuijua yote, lakini mwulize fundi wako kama ameviweka vyote.

Tatu, tulibadili namna ya kuandika. Kichwa cha barua sasa husema yaliyomo: "Batiki mpya na habari za nyumba ya wajawazito." Hatupigi kelele kwa herufi kubwa. Hatuweki tangazo lote ndani ya picha moja. Chini tunaandika jina la kikundi, mahali tulipo na simu, ili mwenye mashaka apige aulize.

Nne, tuliweka mahali pa kujitoa, panapoonekana wazi. Hili lilikuwa na ubishi. Wengine wetu walisema, "Tukiwafungulia mlango wataondoka wote." Muuguzi mmoja akajibu kwamba hata wodini mgonjwa ana haki ya kukataa, na ukimheshimu leo atarudi kesho bila hofu. Afadhali anayetuchoka atoke mlangoni kwa amani, kuliko abonyeze kile kitufe cha taka na kutuharibia kwa wengine. Anayejitoa tunamwondoa ndani ya siku mbili, kama Google inavyowataka watumaji wakubwa.

Tano, hatukurudi kwa kishindo. Tulianza na watu ishirini wa karibu, tukawaomba waitoe barua yetu takani kwa kubonyeza mahali palipoandikwa kwamba hiyo si taka, waihifadhi anwani yetu, na watujibu japo neno moja. Mwezi uliofuata tukaongeza wengine. Mlinzi akituona tunakuja kwa adabu, tunapokelewa na kujibiwa, naye hutuzoea. Ilichukua miezi mitatu.

Sasa oda hazijarudi zote, lakini maharage hayajaisha tena katika ile nyumba. Mama wa Dodoma huwa wa kwanza kujibu. Barua yake ya mwisho ilikuwa na maneno mawili tu: "Nimeipata, dada."

Neno letu kwenu

Mpendwa msomaji, leo kabla hujalala fungua sehemu ya barua taka katika simu yako. Huenda imelala humo barua ya shule ya mwanao, au majibu ya kazi aliyoomba binti yako. Fanya hivyo kila wiki, kwa sababu zikipita siku 30 hutaziona tena. Lakini uwe mwangalifu: barua ya mtu usiyemfahamu usibonyeze kiungo chake, na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote.

Na kama wewe ndiwe unayeandika, jiulize swali alilotuuliza yule kijana: hizi anwani nimezipata wapi? Tulidhani tatizo letu ni la mitambo. Sehemu yake ilikuwa ya mitambo kweli, na fundi aliimaliza kwa siku mbili. Sehemu kubwa ilikuwa yetu: tuliingia nyumbani kwa watu bila hodi, tukidhani kwamba kazi njema inaruhusu. Bwana Yesu alifundisha kwamba kondoo humfuata mchungaji kwa kuwa wanaijua sauti yake, na mgeni humkimbia. Sauti hujulikana kwa kusema kweli, kwa upole, siku baada ya siku. Tulipotaka kuwafikia wengi kwa mkupuo, tulipoteza hata waliotujua, na aliyelipa gharama ni mama mmoja aliyetembea kwenye mvua kufuata unga.

Mtoto wake sasa anatambaa. Tunamwona kliniki kila mwezi anapokuja kupimwa uzito, naye hupenda kuvuta saa ya muuguzi. Tukimwona tunakumbuka kupiga hodi kwanza.

Mungu awabariki, ninyi na nyumba zenu.